Asidi kali za kikaboni: pKa haipatikani kwenye nusu ya titresheni

Kanuni ya kidato cha sita ya kupata pKa, namba inayopima nguvu ya asidi (ikiwa ndogo, asidi ni kali zaidi), ni tamu: titresha asidi kwa kuidondoshea hidroksidi ya sodiamu, tafuta kikomo, pale besi inapomaliza asidi yote, rudi kwenye nusu ya ujazo wa kikomo, soma pH, na hiyo ndiyo pKa. Kwa asidi ya siki haina shida. Kwa asidi benzoiki pia haina. Shida inaanza pale kanuni hiyohiyo inapopelekwa kwenye asidi za kikaboni zilizo kali: oksaliki, dikloroasetiki, trikloroasetiki na jamaa zote za sulfoniki. Mtu anapata 1.80, anaandika pKa 1.80, anafunga daftari. Namba hiyo inaeleza zaidi ukolezi wa myeyusho wake kuliko nguvu ya asidi yenyewe.

Anayebisha afanye jaribio la nusu saa. Weka mililita 25.0 za asidi haidrokloriki ya 0.100 M (moli 0.100 kwa lita) kwenye bika, ongeza mililita 12.5 za hidroksidi ya sodiamu ya 0.100 M, soma pH. Kwa hesabu tupu utapata 1.48. Rudia kwa miyeyusho ya 0.0100 M pande zote mbili, utapata 2.48. Asidi ni ileile, lakini "pKa" zimepishana kwa kizio kizima. Nusu ya titresheni haikupima nguvu hata kidogo. Imepima tu ni asidi kiasi gani haijaliwa na besi.

Sababu iko ndani ya kanuni yenyewe. Inachukulia kwamba chumvi iliyopo ni sawa na besi uliyoongeza, na kwamba asidi iliyobaki ni ile ambayo besi haijaifikia. Kwa asidi ya siki hilo ni kweli, kwa kuwa asidi iliyobaki inaachia protoni chache mno. Dikloroasetiki haisubiri besi. Ikiwa na ukolezi wa 0.1 M ndani ya maji matupu, karibu nusu ya molekuli zake zimeshaachia protoni kabla hujafungua bureti. Kwa hiyo protoni huru nazo lazima ziingie kwenye hesabu:

Ka = h × (b + h) ÷ (C − b − h)

Hapo Ka ni namba ambayo pKa ni logi yake iliyogeuzwa alama, h ni ukolezi wa protoni huru, b ni ukolezi wa sodiamu iliyotoka kwenye besi, na C ni ukolezi wa asidi yote, iliyoachia na isiyoachia, vyote vikiwa vimerekebishwa kwa ujazo mpya wa bika.

Tuchukue dikloroasetiki, ambayo pKa yake ni karibu 1.35. Mililita 25 za 0.1 M pamoja na mililita 12.5 za besi zinatoa C ya 0.0667 na b ya 0.0333. Ukitatua mlinganyo, h inakuwa 0.0159, yaani pH 1.80. Ndiyo ile 1.80 iliyoandikwa daftarini. Trikloroasetiki, yenye pKa karibu 0.66, kwa vipimo hivyohivyo inatoa pH 1.58. Haidrokloriki ni 1.48. Tazama zinavyosongamana: asidi mbili zinazozidiana nguvu karibu mara tano zinaachana kwa 0.22 tu kwenye pH, na kati ya trikloroasetiki na asidi inayoachia kila kitu zimebaki 0.10. (Hapa nimeacha aktiviti, yaani athari ya ioni kusumbuana, pembeni kwa muda. Inakuja.)

Kwa asidi kali, basi, habari yote iko kwenye masalio: ile sehemu ndogo ya asidi ambayo bado imeshika protoni yake, C − b − h. Unatoa namba kubwa kwenye namba kubwa ili upate namba ndogo. Ni kama kutafuta uzito wa begi la kondakta kwa kupitisha basi zima kwenye mizani ya barabarani, mara moja likiwa na begi, mara moja likiwa halina. Inawezekana, lakini mizani iwe mizani kweli.

Ndiyo maana nashauri uache besi kabisa wakati wa kipimo chenyewe, na ulinganishe asidi yako moja kwa moja na haidrokloriki ya ukolezi uleule, kwa elektrodi ileile, siku ileile. Tofauti kati ya hizo mbili ndiyo masalio. Njia hii inahitaji mita ya pH inayosoma milivolti, bureti, mizani ya gramu 0.0001 na uvumilivu. Vifaa hivyo vipo kwenye maabara nyingi za vyuo na hospitali Arusha na Moshi, na hata baadhi ya sekondari zenye mchepuo wa sayansi.

Maji

Nianze na maji kwa sababu huku kwetu ndiyo yanayoharibu kazi kabla haijaanza. Maji ya visima na chemchemi nyingi za mteremko wa Meru yamebeba bikabonati ya sodiamu na floraidi kwa wingi. Bikabonati inakula asidi moja kwa moja. Maji yenye bikabonati ya 0.003 M, ambacho si kiwango cha ajabu kwa maji ya volkano, yakitumika kutengeneza asidi ya 0.01 M, karibu theluthi ya asidi imekwisha kabla ya kipimo. Floraidi nayo inashika protoni, maana asidi ya haidrofloriki ina pKa ya 3.17, na kwenye pH ya 1.5 karibu kila ioni ya floraidi iliyomo inabeba protoni yake. Kama asidi yako ni oksaliki, kalsiamu ya maji magumu inaiangusha kama unga mweupe wa oksaleti, na ukolezi unashuka huku umesimama unatazama.

Kwa hiyo ni maji yaliyokenekwa au yaliyopita kwenye chujio la ioni, si vinginevyo. Maji ya betri ya dukani yanaweza kufaa, lakini yapime kwanza kwa mita ya mpitisho wa umeme. Yakisoma maikrosimensi 1 hadi 3 kwa sentimita, endelea. Yakisoma 20, rudisha. Na uwe na hakika kwamba ulichouziwa ni maji, maana kuna wauzaji wanaoiita asidi ya betri kwa jina hilohilo.

Hewa ya ukaa haina madhara kwenye kipimo chenyewe, kwa kuwa kwenye pH 1.5 asidi kaboniki haiachii chochote cha kuhesabika. Inadhuru kwenye besi ya kusawazishia, yaani ya kuhakikisha ukolezi halisi wa asidi. Kwa ajili ya besi tu, chemsha maji kwa nguvu dakika kumi, funika, acha yapoe. Arusha mjini, karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, maji yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi. Hilo halina neno: kinachofukuza gesi ni mapovu ya mvuke, si kufika 100.

Kemikali na usawazishaji

Kwa anayeanza, ningechagua oksaliki. Fuwele zake zenye maji mawili zina uzito wa moli 126.07, zinapimika vizuri kwenye mizani, na gramu 1.2607 ndani ya mililita 100 ni 0.1000 M. Ina protoni mbili, lakini hilo lisikutishe. pKa ya pili ni karibu 4.3, na h ikiwa 0.02 au zaidi, protoni ya pili inachangia chini ya asilimia 1. Kumbuka tu kwamba unapoisawazisha kwa kiashiria cha fenolfthalini besi inakula protoni zote mbili, kwa hiyo gawa kwa mbili.

Dikloroasetiki ni kimiminika. Uzito wa moli ni 128.94, uzani wake karibu gramu 1.56 kwa mililita. Kwa mililita 250 za 0.100 M unahitaji gramu 3.22, yaani mililita 2 na tone. Trikloroasetiki ni fuwele, moli ni gramu 163.4, na kwa mililita 250 unahitaji gramu 4.08. Hii ndiyo yenye visa. Inanyonya unyevu wa hewa kwa pupa. Chupa ikifunguliwa wakati wa masika, fuwele zinaanza kulowa ukizitazama, na ulichopima kwenye mizani ni asidi pamoja na maji ya angani. Usiiamini mizani hapa. Tengeneza myeyusho wa karibu 0.1 M kisha usawazishe. Ukisahau, na ukolezi halisi ukawa chini kwa asilimia 2, pKa yako itapotoka kwa karibu 0.07, maana asilimia 2 ya asidi yote ni sehemu kubwa ya masalio. Vilevile usiweke akiba ya myeyusho wake mahali pa joto. Inavunjika polepole kuwa klorofomu na hewa ya ukaa. Tengeneza kidogo, weka kwenye friji, tupa baada ya wiki chache.

Asidi hizi zote mbili zinaunguza ngozi vibaya. Glovu za nitraili na miwani si mapambo. Mwagiko kwenye ngozi unaoshwa kwa maji mengi mara moja, dakika kumi na tano.

Besi: 0.1 M ya hidroksidi ya sodiamu kwa maji yaliyochemshwa, isawazishwe kwa haidrojenifthaleti ya potasiamu iliyokaushwa. Gramu 0.5106 za chumvi hiyo zinakula mililita 25.00 za besi ya 0.1000 M. Haidrokloriki ya asilimia 37 ni karibu 12 M, kwa hiyo mililita 8.3 ndani ya lita moja zinatoa karibu 0.1 M.

Sasa jambo ambalo watu wengi wanaliruka: sawazisha haidrokloriki na asidi yako kwa besi ileile, bureti ileile, fenolfthalini ileile, mchana mmoja. Besi yako ikiwa na kosa la asilimia 0.5, asidi zote mbili zinapata kosa hilohilo kwa upande uleule, na kwa kuwa unachotafuta ni tofauti kati yake, sehemu kubwa ya kosa inajifuta. Ukisawazisha moja leo na nyingine wiki ijayo kwa besi iliyokwisha kunywa hewa ya ukaa, makosa hayajifuti.

Kipimo chenyewe

Weka mita kwenye milivolti, si pH. Bafa za 4 na 7, yaani miyeyusho yenye pH inayojulikana, zinaifundisha elektrodi mahali ambapo hutafanya kazi. Huku chini, kwenye pH 1 hadi 2, kiungo cha elektrodi na myeyusho kinaongeza volti zake chenyewe, kwa sababu protoni zinakimbia kuliko ioni nyingine zote. Dawa yake ni kuifundisha elektrodi kwa haidrokloriki.

Chukua mililita 50.0 za kloridi ya sodiamu ya 0.100 M kwenye bika, na koroga taratibu. Kwa bureti ongeza haidrokloriki ya 0.100 M, ukisoma milivolti baada ya mililita 5, 10, 20, 30 na 50. Ukolezi wa protoni unakuwa 0.0091, 0.0167, 0.0286, 0.0375 na 0.0500. Kwa kuwa chumvi na asidi vyote ni 0.100 M, nguvu ya ioni, yaani kipimo cha wingi wa ioni kwenye myeyusho, inabaki 0.1 muda wote. Hiyo ndiyo sababu ya kuweka chumvi. Chora milivolti dhidi ya logi ya ukolezi. Lazima upate mstari ulionyooka.

Mwinamo wa mstari unategemea joto. Kwenye nyuzi 18, asubuhi ya Julai Arusha, ni milivolti 57.8 kwa kila hatua ya logi. Kwenye nyuzi 29, mchana wa Februari Moshi, ni 60.0. Ukipata 54, elektrodi imechoka au imeziba. Soma kila namba baada ya kutulia, isisogee zaidi ya milivolti 0.1 kwa dakika. Bika zote ziwe zimekaa pamoja kwenye beseni moja la maji tangu asubuhi, maana chupa iliyotoka kwenye friji ikipimwa karibu na iliyokaa dirishani inaharibu kila kitu.

Suuza elektrodi, ifute kwa kuigusisha karatasi bila kuisugua, na bila kupoteza muda weka mililita 50.0 mpya za kloridi ya sodiamu. Safari hii ongeza asidi yako ya 0.100 M kwa ujazo uleule. Ukimaliza, rudia haidrokloriki mara ya pili. Kama mstari wa pili umehama zaidi ya milivolti 0.3 kutoka wa kwanza, kazi ya katikati haifai.

Tuone namba zinavyokuwa. Kwenye nyuzi 25, nukta ya mililita 50, C ni 0.0500 kwa asidi zote. Dikloroasetiki itakuwa na h ya karibu 0.034, na milivolti zitapishana na za haidrokloriki kwa 9.9. Trikloroasetiki itakuwa na h ya karibu 0.0444, na tofauti ni milivolti 3.0. Asidi ya tolueni sulfoniki itakaa juu ya mstari wa haidrokloriki kabisa, tofauti sifuri. Udhaifu wote wa trikloroasetiki, ule unaoitofautisha na asidi inayoachia kila kitu, ni hizo milivolti tatu. Kosa la nusu milivolti linaipeleka pKa yake juu au chini kwa karibu 0.08. Kwa dikloroasetiki kosa hilohilo halifiki 0.04. Nikiona mtu ameripoti pKa ya trikloroasetiki kwa desimali tatu kutoka kwenye mita ya kawaida, najua hajahesabu kosa lake.

Hesabu yenyewe ni fupi: soma h kutoka kwenye mstari, kisha K = h² ÷ (C − h), mlinganyo uleule wa juu bila besi. Fanya kwa nukta zote tano. Zikitoka K zinazofanana, vizuri. Zikipanda au kushuka kwa mpangilio kadiri C inavyoongezeka, ukolezi uliosawazishwa una kosa. Zikirukaruka bila mpangilio, ni elektrodi.

K hii ni ya nguvu ya ioni 0.1, si ile ya majedwali, ambayo ni ya myeyusho uliozimuliwa hadi ioni zisisumbuane. Mlinganyo wa Davies, unaokadiria aktiviti, unatoa nyongeza: kwa nguvu ya ioni 0.1, ongeza 0.21 kwenye pK uliyopata. Dikloroasetiki itakupa karibu 1.14, ukiongeza inakuwa 1.35. Trikloroasetiki itakupa karibu 0.45, inakuwa 0.66. (Asidi yako ikiwa haijaachia yote, nguvu ya ioni inashuka kidogo, kwa mfano 0.084 kwenye nukta ya mwisho ya dikloroasetiki. Tofauti ni 0.01 kwenye pK, haina haja ya kukukosesha usingizi.)

Kuna hitilafu mbili za elektrodi zinazostahili kutajwa. Wengine hutumia pakloreti ya sodiamu badala ya kloridi kwa sababu vitabu vinaisifu. Ndani ya elektrodi yako kuna kloridi ya potasiamu ya 3 M. Pakloreti ikikutana na potasiamu kwenye kitundu cha kauri, ambacho ndicho kiungo cha elektrodi na myeyusho, inaganda, kitundu kinaziba, milivolti zinaanza kutangatanga. Tumia kloridi. Hitilafu ya pili ni ya elektrodi za kuazima. Elektrodi iliyokuwa ikipima maziwa au damu ina protini kwenye kauri yake, na trikloroasetiki ndiyo dawa ambayo maabara za hospitali hutumia kuangusha protini. Ukiichovya humo, protini inaganda palepale kwenye kitundu. Ioshe kabla, kwa kuiloweka saa kadhaa kwenye pepsini iliyoyeyushwa ndani ya haidrokloriki ya 0.1 M.

Pasipo na elektrodi nzuri

Kiashiria cha rangi kinafanya kazi hiyohiyo na hakina kiungo cha kusumbua. Timoli buluu ndiyo inayofaa: mabadiliko yake ya kwanza, kutoka nyekundu kwenda njano, yana pKa ya karibu 1.65, yaani katikati kabisa ya eneo letu. Saga gramu 0.1 pamoja na mililita 21.5 za hidroksidi ya sodiamu ya 0.01 M, kisha jaza maji hadi mililita 250. Andaa mirija ya haidrokloriki kutoka 0.010 hadi 0.100 M, kila mmoja ukiongezewa kloridi ya sodiamu ili jumla iwe 0.1. Weka mililita 0.5 za kiashiria kwa kila mililita 10, soma unyonyaji wa mwanga kwenye nanomita 545. Chora mchirizi, kisha soma mrija wa asidi yako: ukolezi wa haidrokloriki unaotoa wekundu uleule ndio h yako. Soma ndani ya dakika chache, kwani timoli buluu haipendi kukaa kwenye asidi na huanza kuchafua myeyusho.

Shule isiyo na spektrofotomita inaweza kulinganisha kwa macho, mirija ikiwa mbele ya karatasi nyeupe kwenye mwanga wa dirishani. Jicho zuri linatofautisha ukolezi kwa asilimia 10 hivi. Hiyo inatosha kumwonyesha mwanafunzi kwamba dikloroasetiki ya 0.05 M ina wekundu wa haidrokloriki ya 0.034. Kwa trikloroasetiki, 0.044 dhidi ya 0.05, macho hayatoshi, na ni afadhali kusema hivyo kuliko kulazimisha jibu.

Mpitisho wa umeme, njia ya Ostwald ya tangu 1888, nimeiweka mwisho kwa makusudi. Inavutia kwa sababu mita yake ni rahisi na haichakai. Mpitisho wa moli kwa asidi iliyoachia yote ni 349.8 ya protoni kujumlisha 38.3 ya dikloroasetati, jumla 388.1 S cm² kwa moli kwenye nyuzi 25. Unapima, unagawa, unapata sehemu iliyoachia. Lakini ioni zinazuiana njia zenyewe kwa zenyewe. Kwenye 0.01 M msuguano huo unapunguza mpitisho kwa asilimia 3.5 hivi hata kwa ioni zilizo huru kabisa. Usipoirekebisha kwa mlinganyo wa Onsager, unaohesabu msuguano huo, utadhani hizo asilimia 3.5 ni asidi isiyoachia, na pKa itapanda kwa karibu 0.1. Joto nalo: mpitisho wa asidi unapanda karibu asilimia 1.5 kwa kila nyuzi moja, kwa hiyo beseni la maji lenye kidhibiti joto halikwepeki. Kwa umeme unaokatika katikati ya kipimo, mimi ningebaki na elektrodi.

Pale maji yanapofika mwisho

Asidi za sulfoniki zinakaa juu ya mstari wa haidrokloriki kwa sababu maji yenyewe yanachukua kila protoni zinazoitoa. Ndani ya myeyusho mwepesi wa maji, methanisulfoniki, tolueni sulfoniki na trifluoromethanisulfoniki zote zinaonekana sawa. Kuongeza desimali kwenye mita hakusaidii. Masalio hayapo.

Njia moja ni kuacha myeyusho mwepesi na kwenda kwenye asidi nzito, ukitumia besi dhaifu sana kama viashiria. Hammett na Deyrup walifungua njia hiyo 1932 kwa nitroanilini. Nusu ya molekuli za 4-nitroanilini zinashika protoni pale kipimo cha Hammett, kinachoendeleza pH hadi kwenye asidi nzito, kinaposoma 0.99. 2-nitroanilini inahitaji −0.29, na 4-kloro-2-nitroanilini −1.03. Besi huru ni ya njano, iliyoshika protoni haina rangi, kwa hiyo spektrofotomita ya kawaida inatosha. Unapanda ngazi kwa kiashiria kimoja kukabidhi kingine, na lazima maeneo yao yapandane: nukta mbili tatu zisomwe kwa viashiria vyote viwili kabla ya kuhama. Asidi salfuriki tupu inafika karibu −12, na trifluoromethanisulfoniki karibu −14. Namba hizo ni za kimiminika chenyewe, kizito na kisicho na maji, si pKa ndani ya maji, na kuzichanganya ni kosa ninaloliona mara nyingi kwenye ripoti.

Njia ya pili ni kubadili kiyeyusho. Asetonitraili inapenda protoni kidogo kuliko maji, kwa hiyo zile zilizolingana zinaachana: tolueni sulfoniki karibu 8.5, methanisulfoniki karibu 10, pikriki 11.0, trifluoroasetiki karibu 12.7, na asidi ya siki 23.5. Unapima asidi mbili ndani ya kiseli kimoja na kupata tofauti kati yake, ukijenga ngazi hatua kwa hatua. Chembe za maji zinavuruga, kwa kuwa maji ni besi yenye nguvu kuliko asetonitraili, hivyo kazi inafanyika kwenye kisanduku kikavu chenye gesi ya agoni. Pikriki nisingeigusa kwenye maabara ya kufundishia. Ikikauka kwenye uzi wa kifuniko inaweza kulipuka.

Ukikuta jedwali linalosema tolueni sulfoniki ni −2.8 na lingine −6.5, zote "ndani ya maji", chanzo cha mgongano ni hiki: hakuna aliyezipima moja kwa moja kwenye maji mepesi, kila mmoja amevuta mstari wake kutoka mbali. Kwa hiyo kando ya pKa yoyote unayoandika weka kiyeyusho, joto, nguvu ya ioni na njia iliyotumika. Kwa dikloroasetiki ya hapo juu, mstari wa ripoti utakuwa hivi: maji, nyuzi 25, kloridi ya sodiamu 0.1 M, elektrodi iliyosawazishwa kwa haidrokloriki, pK 1.14 ± 0.04, na 1.35 baada ya kurekebisha kwa Davies.